MZIGO NA FURUSHI: TUMSAIDIEJE MWANAFUNZI WA CHUO ANAYEACHA POMBE?

Somo la vikundi vya nyumbani
Someni pamoja: Wagalatia 6:1-5, Marko 1:19, Mathayo 11:28-30



Kila muhula unapofunguliwa tunawaita vijana wetu wa vyuo mbele ya madhabahu na kuwawekea mikono. Tunaombea karo, tunaombea chakula, tunaombea mitihani. Lakini kuna jambo la nne ambalo hatulitaji kwa sauti. Kati ya vijana wale wamo walioshikwa na pombe, mairungi au bangi, wakatibiwa au wakaamua kuacha, na sasa wanarudi mahali pale pale walipoangukia. Somo la leo ni kwa ajili yao, na zaidi ni kwa ajili yetu sisi tunaobaki nyumbani.

KOSA TULILOFANYA SISI

Tutaanza na habari yetu wenyewe. Mwenyewe ametupa ruhusa tuisimulie, ila bila jina.

Kijana mmoja wa kanisa letu alipata nafasi ya kusoma chuo mjini Arua. Karo yake ilitoka sehemu tatu: mchango wa kanisa, mbuzi wawili wa familia, na waragi ambayo mama yake alipika nyuma ya nyumba. Mwaka wa pili tukasikia kwamba haendi darasani, anakunywa tangu asubuhi. Ndugu zake wakamfuata, akapelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi kwetu akiwa ametulia.

Tulifurahi mno. Jumapili ya tatu tukamsimamisha mbele ya kanisa zima atoe ushuhuda. Akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikamkaribisha, na sisi wachungaji tukatangaza kwamba kazi imekwisha. Akarudi chuoni na pesa ya karo mfukoni. Tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu.

Baada ya wiki tano alikuwa ameanguka. Habari zilipotufikia tulimtoa katika kwaya na kutaja jina lake kwenye matangazo. Baadaye alituambia maneno haya: "Ningeweza kurudi kwenu kama mgonjwa. Lakini sikuweza kurudi kama mtu aliyesimama mbele ya watu akasema uongo."

Aliyemrudisha si mchungaji. Ni mama mmoja shemasi, asiyejua kusoma, aliyepanda gari mpaka Arua akamtafuta hosteli, mkononi ana sombe na unga wa muhogo. Kijana alipoanza kujitetea, mama alimwambia: "Mwanangu, sikuja kukuuliza. Nimekuja kula na wewe." Wakala. Wiki ile ile kijana akakubali kurudi hospitali. Leo ana miezi kumi na minne bila kunywa. Hatusemi amepona kabisa, na yeye mwenyewe hasemi hivyo. Tukimuuliza hujibu, "Leo sijanywa."

Tumejifunza kwa aibu. Sasa tulisome Neno.

KUTENGENEZA WAVU (mstari wa 1)

Paulo anaanza na mtu aliyekamatwa katika kosa. Anawaambia wale wanaoenenda kwa Roho wamrejeshe kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa naye.

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa kurejesha ni katartizo. Neno hilo hilo liko katika Marko 1:19, pale Yesu anapowakuta Yakobo na Yohana ndani ya chombo wakizitengeneza nyavu zao. Ninyi mliowaona wavuvi wa mto Nile kule Rhino Camp mnajua kazi ile. Mvuvi hautupi wavu uliochanika, wala haupigi. Anaketi chini, anautandaza magotini, anatafuta tundu liko wapi, anafunga fundo moja baada ya jingine. Ni kazi ya polepole, na kesho wavu ule ule unaweza kuchanika mahali pengine.

Sisi tulitaka wavu utengenezwe Jumapili moja kwa vigelegele.

Tuelewe pia tundu lenyewe ni la namna gani. Wengine husema ulevi ni dhambi tu, wengine husema ni ugonjwa tu. Biblia inaukemea ulevi, na hatufuti hilo. Lakini mwili wa mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu umebadilika. Ubongo umezoea pombe kiasi kwamba ikikosekana mwili wote unavurugika. Mwanzoni alichagua kunywa; sasa hata akichagua kuacha, mwili unamdai. Basi toba inahitajika, na matibabu yanahitajika, wala moja haliondoi jingine.

Na hapa tuseme jambo linaloweza kuokoa maisha. Mtu anayekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani, wala asifungiwe kwenye mkesha. Saa chache baada ya kuacha anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na kupiga kelele. Wengi wetu tumeona hayo tukasema ni pepo, tukamfunga kamba na kuomba usiku kucha. Wapendwa, hali hiyo inaua. Mpelekeni kituo cha afya upesi. Wauguzi wana dawa za kutuliza na vitamini B1, nao watamtuma mbele ikihitajika. Hospitali ya rufaa ya Arua ina sehemu ya magonjwa ya akili, na Butabika kule Kampala ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Ombeni njiani mkienda. Mungu anasikia hata ndani ya gari.

KUCHUKULIANA MIZIGO (mstari wa 2) NA KUBEBA FURUSHI (mstari wa 5)

Msomaji makini atashangaa. Katika mstari wa 2 Paulo anatuagiza tubebeane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba la kwake. Je, anajipinga?

Hapana. Katika Kiyunani maneno ni mawili. La kwanza ni baros, uzito unaomlemea mtu mpaka anaanguka. La pili ni fortion, shehena ambayo mwenyewe amepewa aibebe. Ndilo neno la shehena ya merikebu katika Matendo 27:10, na ndilo Yesu alilotumia katika Mathayo 11:30 aliposema kwamba alichotupa sisi kubeba ni chepesi. Wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili waliona tofauti hiyo: kwanza waliweka mizigo, kisha wakaweka furushi.

Sisi wakimbizi hatuhitaji mwalimu wa Kiyunani kutueleza. Siku ile tulipovuka mpaka, kila mtu alikuwa na furushi lake. Hata mtoto wa miaka sita alibeba sufuria. Lakini mzee aliyeshindwa kutembea alibebwa juu ya kitanda na vijana wanne. Hakuna aliyemwambia mzee, "Jibebe." Wala hakuna aliyembeba kijana mwenye miguu mizima.

Sasa tupime. Mwanafunzi anayeacha pombe, mzigo wake ni upi na furushi lake ni lipi?

Mzigo wake ni mambo ambayo peke yake hayawezi. Siku za kwanza za kutetemeka. Aibu. Chumba anacholala na wenzake watatu wanaokunywa. Ijumaa jioni isiyo na mtu wa kuzungumza naye. Kumbukumbu za vita ambazo pombe ilikuwa ikizinyamazisha. Na njaa, kwa maana tangu posho ya chakula kambini ilipopunguzwa mwaka 2023 kwa familia nyingi, wapo wanafunzi wasiotumiwa kitu kutoka nyumbani, na tumbo tupu ni rafiki wa chupa. Hayo tubebe pamoja naye.

Furushi lake ni mambo ambayo hakuna awezaye kumfanyia. Kusema hapana kwa mdomo wake. Kwenda kliniki siku aliyopangiwa. Kusema ukweli akianguka. Kusoma vitabu vyake. Kuomba msamaha kwa aliowaumiza.

Sisi mara nyingi tumefanya kinyume. Tumemlipia deni la baa ili familia isiaibike. Tumemwandikia mwalimu kwamba ana malaria, kumbe amelewa. Hapo tumebeba furushi lake, na miguu yake ikazidi kudhoofika. Kisha siku aliyolemewa kweli, tukamsengenya kisimani. Hapo tumeuacha mzigo njiani, pamoja na mtu aliye chini yake.

WALIOTUTANGULIA

Hatuko wa kwanza kuifanya kazi hii. Mwaka 1877 kule Geneva, nchini Uswisi, mchungaji mmoja aitwaye Louis-Lucien Rochat alianzisha chama cha kuwasaidia walevi, ambacho leo kinaitwa Msalaba wa Bluu. Yeye na wenzake waliacha pombe pia, wakatembea na walevi kama wenzao.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, mfanyabiashara mmoja mlevi aitwaye Bill Wilson alikutana na daktari wa upasuaji mlevi aitwaye Bob Smith. Huyu daktari alikuwa ameanza kunywa sana tangu akiwa mwanafunzi wa chuo. Baada ya kuzungumza na Wilson aliacha. Wiki chache baadaye akasafiri kwenda mkutano wa madaktari, akanywa, akarudi nyumbani hajiwezi. Wilson hakumfukuza. Mnamo tarehe 10 Juni 1935 daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho, na kutoka kwa hao wawili ukazaliwa ushirika wa walevi wanaosaidiana ambao umeenea duniani kote. Angalieni: kama anguko lile lingehesabiwa kuwa mwisho, kazi ile isingezaliwa.

Vyuo vikuu pia vimejifunza. Kule Marekani chuo cha Brown kilianza kuwahudumia wanafunzi wa namna hii mwaka 1977. Rutgers kilianza mwaka 1983, na mwaka 1988 kikafungua nyumba ya kulala kwa ajili yao, isiyo na pombe. Texas Tech kikafuata mwaka 1986, na Augsburg, chuo cha Kilutheri, mwaka 1997. Waligundua kwamba kumtibu kijana kisha kumrudisha peke yake bwenini penye ulevi ni kama kukausha nguo mvuani. Anahitaji mahali salama pa kulala, wenzake walio katika safari moja, na mtu mzima mmoja anayejua hali yake.

Sisi hatuna fedha za vyuo hivyo. Lakini mambo hayo matatu yanawezekana hata kwetu. Na hata katika historia yetu ya Afrika Mashariki, ndugu wa Uamsho tangu miaka ya 1930 walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, wakaungama na kutembea nuruni pamoja. Wengi wao waliiacha pombe, na kilichowashika wasirudi ni ule ushirika wa kila wiki.

MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Watu watatu wajue, kijiji kisijue. Kijana achague mwenyewe: labda mzazi, mzee wa kanisa na rafiki mmoja. Habari zake zisisomwe kwenye matangazo, hata zikiwa njema.

2. Ushuhuda usubiri. Tumekubaliana katika baraza la wazee kwamba hatumsimamishi mtu aliyeacha pombe kabla ya mwaka mmoja, tena akitaka mwenyewe. Kumshukuru Mungu naye faraghani hakungoji mwaka.

3. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Pesa nyingi mkononi ni jaribu. Pesa ya chakula itumwe kidogo kidogo kwa simu, kila wiki. Mwelezeni sababu, asione kwamba anadharauliwa.

4. Atafutiwe mwenzake wa chumba. Kabla muhula haujafunguliwa, tuulizane kati ya makanisa yetu: ni nani mwingine anasoma Arua, asiyekunywa, wakae pamoja? Tuwasiliane pia na ushirika wa wanafunzi Wakristo chuoni, ili wampokee.

5. Mtu mmoja wa simu. Apige kila Ijumaa jioni, saa ambayo wengine wanaelekea baa. Asihubiri. Aulize: umekula nini, umelala vipi, juma hili lilikuwaje?

6. Nyumbani kwetu pasiwe mtego. Akirudi likizo asitumwe kununua pombe wala kubeba madumu. Kwenye harusi na matanga awekewe soda bila maneno. Mzazi anayekunywa afikirie kuacha pamoja naye, kama Rochat alivyofanya.

7. Akianguka, tumfuate siku ile ile. Tumuulize kwa upole: ilikuwa lini, wapi, na nani, na kabla ya hapo nini kilitokea? Hapo ndipo tundu la wavu linapoonekana. Akiwa amekunywa siku nyingi mfululizo, tumrudishe kituo cha afya. Akisema hataki kuishi tena, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe hospitali.

NENO KWA MAMA ZETU WANAOPIKA

Hatuwezi kumaliza bila kusema hili, nasi tunalisema kwa heshima. Katika vijiji vyetu daftari na sare nyingi zimenunuliwa kwa pesa ya waragi na kwete. Mama zetu, tunajua usiku mliokaa kando ya moto ule, na tunajua kwamba wengine hapa tumesoma kwa jasho hilo. Hatuandiki ili kuwatupia mawe.

Lakini mama wa kijana yule alituambia mwenyewe: "Nililipa karo kwa dumu, na dumu likamla mwanafunzi." Serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, ila haja ya pesa haikupigwa marufuku. Tena hatari imezidi. Mwezi wa nane mwaka 2022 watu zaidi ya kumi walikufa hapa Arua na Madi-Okollo kwa kunywa jini yenye sumu, na mwaka 2010 huko Kabale walikufa makumi ya watu kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Anayekunywa hawezi kuiona sumu hiyo kwa macho.

Kanisa likimwambia mama aache kupika lisimpe njia nyingine, limemwongezea mzigo. Ndiyo maana kikundi chetu cha akiba kimeamua kuwa mkopo wa kwanza wa kila mzunguko uende kwa mama anayetaka kubadili biashara. Mama yule sasa anauza mandazi na samaki wakavu. Faida ni ndogo kuliko ya waragi, naye hafichi hilo. Lakini mwanawe akija likizo, analala katika nyumba isiyonuka pombe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni lini tulibeba furushi la mtu badala ya mzigo wake? Matokeo yalikuwa nini?
2. Kwa nini Paulo anamwonya anayemrejesha mwenzake ajiangalie nafsi yake?
3. Ni nani kati yetu atapiga simu ya Ijumaa muhula huu? Andikeni jina kabla hamjaachana.
4. Tufanye nini mwaka huu kwa ajili ya mama mmoja anayetaka kuacha kupika?

SALA

Bwana Yesu, uliyewaita wavuvi wakiwa katika kutengeneza nyavu, tufundishe subira yao. Wakumbuke watoto wetu walio vyuoni, hasa yule ambaye jioni hii mkono wake unatetemeka. Mpe mtu wa kukaa naye. Na kama mtu huyo ni mmoja wetu, utusumbue mpaka tuinuke. Tusamehe pale tulipomtangaza mtu badala ya kumtembelea. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika kazi ya Bwana. Muhula ujao tutawaletea habari, ziwe njema au ngumu, za jinsi simu za Ijumaa zilivyokwenda.